Sheshe Anayekula Pumba

Ukifika Kibaoni, Ifakara, ukauliza steshenari ya Mama Careen, utaonyeshwa hata na mtu ambaye hajawahi kutoa kopi maishani mwake. Ni chumba kimoja: mashine inayonguruma utadhani inakoboa mpunga, meza ya kompyuta, benchi la wanaosubiri, na ukutani michoro ya wanyama. Mwenye duka, Teddy, ndiye aliyeichora. Ni mama wa makamo mwenye sauti ya kuitisha mkutano na hasira za karibu, zile zinazowaka na kuzimika kabla mteja hajamaliza kuomba radhi. Careen, binti yake, yuko chuoni Dodoma, kwa hiyo siku hizi hasira zote huishia kwa mashine ya kopi na kwa wateja wanaomwita kila mnyama mwenye pembe swala.

"Huyo ni sheshe," huwaambia bila kuinua macho. "Tazama rangi yake, nyekundu ile. Tazama alivyosimama kwenye maji. Swala gani mwingine angekubali kulowa miguu namna hiyo?"

Vijana humtazama wakatikisa kichwa kwa adabu. Wengi hawajawahi kumwona sheshe kwa macho, na siwalaumu, maana wamezaliwa mpunga umeshafika kila mahali. Teddy aliwaona kwa wingi. Wazazi wake walitokea upande wa Mahenge wakahamia Ifakara, na kama familia nyingi za hapo walikuwa na makazi mawili: nyumba ya mjini kwa ajili ya shule na kanisa, na dungu la shambani ng'ambo ya mto kwa ajili ya kula. Dungu ni kibanda kilichojengwa juu ya nguzo. Mnapanda kwa ngazi, mnalala juu, na mafuriko yakija yanapita chini yenu na kwenda zake. Mpunga ukishatoa masuke, kazi ya watoto ni kuamia, yaani kushinda huko juu wakipiga makopo na kelele ili ndege wasitue. Baba alifariki mapema, kwa hiyo dungu, jembe, mbuzi na watoto vilibaki mikononi mwa mama yao, Balbina.

Mgongoni mwa Teddy alikuwepo mdogo wake, Wiliam, aliyezaliwa dada mtu ameshakuwa mkubwa wa kutosha kutwishwa ndoo. Ndege wakipumzika, wawili hao waliwatazama sheshe wakila kwenye majani mafupi nje ya shamba, na wakawapa majina ya watu wa parokia. Dume mmoja mwenye maringo, aliyekuwa akiwafukuza madume wenzake asubuhi mpaka jioni, waliyemwita Katekista, aliwafanya wacheke mpaka Mama Balbina akatishia kuwashusha wote wawili wakapalilie. Siku hizi kivuko hakipo, kuna daraja. Majani mafupi yale yamekuwa mashamba na malisho ya ng'ombe. Si kosa la mtu mmoja. Hata Mama Balbina alikuwa akisogeza mpaka wa shamba lake kila mwaka, na Teddy alishika kamba ya kupimia. Analijua hilo, na akilikumbuka hupunguza sauti, jambo ambalo kwake ni nadra.

Wiliam alisoma mambo ya kompyuta, akapata kazi Morogoro na kuhamia huko. Mama Balbina alipofariki, ndugu hao wawili walimzika vizuri, wakagawana vyombo bila ugomvi, ikabaki simu. Na simu ni kitu kigumu sana kikikosa habari. Mama alipokuwepo waliongea juu ya presha yake, dawa alizoficha chini ya godoro, ubishi wake wa kutaka kwenda shamba na miguu imevimba. Alipoondoka, aliondoka na mazungumzo yote. Ikawa, "Hamjambo?" "Hatujambo." "Mvua huko?" "Zipo." Halafu kimya. Halafu, "Haya dada, tutaongea." Simu za kila wiki zikawa za kila mwezi. Teddy alianza kuogopa, na hofu hiyo hakumwambia mtu, kwamba iko siku yeye na mtoto aliyembeba mgongoni watabaki watu wa kutumiana salamu za Krismasi na picha ya mshumaa.

Ndipo Wiliam akaja na gemu. Alikuwa akiwatengenezea watu magemu ya simu kwa mkataba, la magari huku, la karata kule, na sasa alitaka moja la kwake. Mchezaji ajenge bustani ya wanyama pembezoni mwa mto: aweke uzio, achimbe mabwawa, akate majani, apokee wageni, na zaidi ya yote wanyama wake wazaliane, abadilishane na wenye bustani nyingine mpaka kundi lake listawi. "Dada, nichoree wale wa kule shambani," alisema. Teddy akachora. Kisha akaanza kuuliza jinsi wanyama hao watakavyoishi humo ndani, na hapo Wiliam akagundua kwamba hakupata mchoraji, amepata msimamizi.

Tangu hapo, duka likifungwa jioni, simu iliita. Teddy alikuwa akivuta kiti mlangoni, kikombe cha chai mkononi, na ugomvi ukaanza.

"Sheshe anabeba mimba kama miezi minane," Wiliam alisema. "Nikiweka miezi minane, mchezaji atakuwa ameshaoa."

"Mwache aoe. Harusi haimzuii sheshe kuzaa."

"Nimeweka dakika tatu."

"Dakika tatu! Wiliam, hata kuku anayeatamia angekucheka."

Walibishana wiki nzima juu ya jambo hilo. Wiliam alisema mtu hawezi kukaa akitazama tumbo la mnyama. Teddy alisema mtoto anayekuja kabla hujamsubiri huwezi kumwonea furaha. Mwishoni Teddy ndiye aliyepata njia: mimba iende na mpunga. Mchezaji apande, apalilie, maji yapande na kushuka, aamie, avune, na mavuno yakiisha sheshe azae. Ndani ya simu msimu wote huo ungechukua muda wa kuivisha sufuria la wali. Wiliam aliufurahia mpango huo, kwa sababu mchezaji mwenye kazi hahisi kwamba anasubiri, na Teddy akaufurahia kwa sababu angalau ulikuwa na harufu ya ukweli.

Lililofuata lilikuwa la undugu. Wiliam alikuwa ameruhusu dume azae na binti zake, na wajukuu, na vitukuu, mradi bustani ijae haraka.

"Wewe ulibatizwa kweli?" Teddy aliuliza.

"Dada, hao ni wanyama."

"Nao wana utaratibu wao. Dume huwafukuza madume vijana, wanakwenda kutafuta kwao. Ukiwafungia pamoja ndani ya uzio, wewe ndiye unayetakiwa kuwatafutia wenza mbali."

Akakubali. Mchezaji mvivu asiyebadilishana madume na jirani angepata ndama dhaifu. Teddy alitaka ndama hao wafe. Wiliam alisema watu watalia na kulifuta gemu. Wakapatana kwamba wadhoofike tu na wageni waanze kunung'unika. Ila kwenye kuficha ndama Teddy hakurudi nyuma hata hatua moja. Sheshe akizaa humlaza mtoto kwenye majani marefu akaenda kula, na mtoto hulala pale bila kutikisika. Wiliam alilalamika kwamba mchezaji akishapata ndama anataka kumwona. Teddy akamkumbusha siku moja, Wiliam akiwa mdogo wa kukimbia uchi, alipomkuta ndama peke yake kwenye majani akataka kumbeba nyumbani akidhani ametupwa. Mama Balbina alimpiga kofi la mkono na kumwambia, "Mwache. Mama yake anakuona." Upande wa pili wa simu Wiliam akasema basi, ndama atafichwa, majani yatikisike tu.

Ungewaona jioni hizo. Mwanamke mzima anacheka peke yake mlangoni mwa duka, anapiga paja, anamwita mdogo wake mpumbavu kwa mapenzi yote. Majirani walidhani amepata mchumba.

Gemu lilipoiva, Wiliam aliwagawia watu wa kulijaribu, wengine Dar es Salaam, wengine Mwanza, wengine Mbeya. Teddy naye alimpa Kabula, Msukuma mmoja anayeuza maziwa Kibaoni ambaye mume wake ana ng'ombe upande wa Mlimba. Hapo Wiliam alimweleza dada yake ukweli wa mambo. Amepewa kazi na kampuni moja kubwa, ya magemu ya mpira, kazi ya kutopumua. Masika yakiisha na wajaribu bado hawajanogewa, atalifunga hili la kwao na kwenda huko moja kwa moja.

"Sitakuwa na nafasi tena, dada. Unanielewa?"

Teddy alimwelewa kuliko Wiliam alivyojielewa. Gemu likifungwa, jioni zinarudi kuwa "Hamjambo, hatujambo." Akamwambia asiwe na wasiwasi, watalipenda tu.

Hawakulipenda. Walilisifia kwa michoro, walilisifia kwa mafuriko, kisha wakaliacha. Lawama ilikuwa moja kwa wote: wanyama hawazai. Mmoja wa Mbeya alikuwa ameuza majike yake yote akidhani ni matasa. Mwingine aliwahamisha majike kila mara kutoka uzio mmoja kwenda mwingine, akapoteza ndama bila kujua kwamba walikuwepo. Wiliam alikesha akikagua kazi yake mstari kwa mstari. Wanyama walikuwa wakizaliana bila tatizo lolote. Teddy akalicheza mwenyewe tena, bustani yake ikajaa mpaka akakosa majina. Wote wawili wakabaki wameshika tama.

Jibu lilikuja na madumu ya maziwa. Kabula aliingia dukani kutoa kopi ya kadi ya kliniki ya mtoto wake, akaketi kwenye benchi, akatoa simu.

"Mama Careen, hili gemu lako zuri, lakini nikuulize. Huyu jike akiwa na mimba nitajuaje?"

"Utamwona akizaa."

"Kabla ya hapo, mama. Nijue nisimuuze."

Teddy aligeuka amjibu. Alisimama pale na karatasi mkononi, mashine imekwisha kutoa kopi, akijaribu kukumbuka ni wapi waliiweka alama ya mimba, na polepole akaelewa kwamba hawakuiweka popote. Kabula, aliyekuwa akimtazama usoni, akaanza kucheka.

"Msinichekeshe! Mume wangu ng'ombe wake akishika mimba anatangaza mpaka kwa mwenyekiti wa kijiji."

Kwa Mama Balbina mimba haikutajwa. Haikutajwa ya mwanamke na haikutajwa ya mbuzi. Kitu ambacho hakijafika hakisemwi, kisije kikasikika kwa wenye kijicho, na mtoto hupongezwa akiwa ameshalia. Hakuna aliyewakalisha watoto chini na kuwafundisha hivyo. Ndivyo nyumba ilivyokuwa, na za jirani zao walizozijua pia. Sasa ndugu wawili waliolelewa namna hiyo wakatengeneza bustani nzima ya wanyama. Wakaweka rangi za uzio, wakaweka kelele za wageni, wakaweka hata kinyesi cha kufagia, lakini alama ya mimba hawakuiweka. Wala tusiseme waliisahau, kwa sababu haikuwahi kuwapita kichwani.

Wiliam alipoelezwa alicheka mpaka akapaliwa. Kisha akafanya kile ambacho fundi yeyote angefanya, na kesho yake akamtumia dada yake gemu jipya. Teddy akalifungua. Sheshe walikuwa wamesimama kwenye maji ya mafuriko, jua limewapiga ubavuni, kama alivyowachora, na juu ya vichwa vya majike watatu ulikuwa unaelea moyo wa rangi ya waridi, wenye tarakimu zinazohesabu kushuka.

Alimpigia papo hapo. "Ondoa."

"Dada, kila mtu ataelewa."

"Ndiyo, kila mtu! Mpaka mgeni anayepita barabarani atajua nani ana nini tumboni. Ondoa, Wiliam. Mama angeona hii angejifunika uso."

"Mama hachezi gemu!" Wiliam naye alipandisha sauti, kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Hili si bonde letu la mpunga, dada. Bonde limekwisha. Hili ni gemu, na nisipofanya hivi litakufa."

"Basi tafuta mwingine wa kukuchorea."

Akakata. Hasira yake, kama kawaida, haikumaliza hata chai. Lakini jioni iliyofuata simu haikuita, wala ya kesho yake. Teddy aliiweka mezani, akaihamishia dirishani penye mtandao mzuri, akaikagua kama ina chaji. Kumpigia alishindwa. Angemwambia nini? Kwamba moyo wa waridi ni sawa? Alijua Wiliam anasema kweli kuhusu wajaribu, na alijua masika yanaelekea ukingoni. Angeweza kuvumilia gemu kufa. Kilichomnyima raha ni kwamba sasa hata kabla halijafa, kiti cha mlangoni kilikuwa kimya.

Alikuwa akifagia duka swali lilipomjia. Wao wenyewe walijuaje? Kama kwa Mama Balbina hakuna aliyesema, mbona watoto walijua mbuzi yupi asikimbizwe? Walijua, hilo alikumbuka wazi. Akaacha ufagio. Ilikuwa pumba. Kila jioni mama alitoka jikoni na bakuli la bati lenye pumba za mpunga, akawapita mbuzi wote waliomzonga, akaenda kwa mmoja tu, akainama, akasubiri amalize. Hakusema neno. Kuanzia siku hiyo hakuna mtoto aliyemtupia mbuzi huyo hata kokwa la embe.

Teddy alifunga duka mchana. Alimchora mama yake akiwa na kanga ya kanisani iliyopauka, bakuli mkono wa kulia, bega la kushoto limeshuka chini kuliko la kulia kwa sababu ya miaka mingi ya kubeba ndoo upande ule. Kwenye gemu kulikuwa na mtunza bustani, kijana wa sare ya kijani asiye na sura ya kukumbukwa. Teddy aliandika maneno machache tu: "Mtoe huyu, muweke mama. Mahali anapopeleka bakuli, hapo ndipo penye mimba. Asiseme kitu." Akatuma, akakaa, akaogopa.

Simu iliita kabla chai haijachemka.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba."

Kisha Wiliam akasema, kwa sauti ya mtu anayejizuia, "Sheshe anakula pumba?"

"Hali."

"Sheshe wa porini. Aliyekuwa akitukimbia tukikohoa tu. Aje kula pumba kwenye bakuli la bati."

"Najua, Wiliam."

"Wewe uliyeninyima dakika tatu. Uliyeniuliza kama nimebatizwa."

"Nimesema najua!"

Wiliam akacheka, na Teddy akacheka, wakacheka mpaka ikawa si kicheko tena. Wiliam ndiye aliyeanza kulia, mwanamume mzima, na hakuficha. "Bega lake," alisema. "Mimi nilikuwa nimelisahau kabisa bega lake."

"Sheshe wakiwa waongo kidogo haitaniuma," Teddy alimwambia. "Kumbe nilikuwa nagombana na wewe juu ya kitu ambacho sicho. Mama ndiye sitaki awe mwongo."

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Kabula hakuelezwa lolote. Alilicheza akisubiri kopi, akamwona mama wa bakuli akiwapita majike watano na kuinama kwa wa sita, akasema, "Ahaa, huyu," na kumwondoa kwenye orodha ya kuuza. Wa Mbeya naye aliona. Wajaribu walianza kuulizana kwenye kundi lao la simu, "Mama leo kaenda kwa nani?" na mmoja wa Mwanza akaandika kwamba hawezi kuzima simu kabla hajamwona mama akirudi jikoni. Moyo wa waridi ukafutwa. Kabla masika hayajaisha, Wiliam akaliachia gemu kwa watu wote.

Hakuna aliyetajirika, kwa hiyo tusilizungumzie hilo. Lakini watu walilicheza, na wakadumu nalo. Pale Kibaoni vijana waliokuwa wakiita kila kitu swala wakaanza kuingia dukani na kuuliza kwa heshima kama sheshe jike ana pembe. Hana, Teddy akawajibu, na kifua kikamjaa.

Kisha pakawa kimya.

Hakulitarajia hilo. Kwa muda wote ule aliogopa gemu lisife, na halikufa. Lilipona, likatembea, na halikuhitaji tena mtu wa kuligombania. Wiliam alianza ile kazi ya magemu ya mpira. Simu ya kila jioni ikawa ya kila Jumapili. Jumapili moja Teddy alijisikia mwenyewe akiuliza, "Mvua huko?" na akatamani kuyarudisha maneno yake kinywani. Akaanza kutafuta kasoro. Akamwandikia kwamba pembe za dume mmoja zimepinda vibaya, jibu likaja punde: "Tayari dada." Akamwandikia kwamba mawingu yanakwenda kinyume na upepo. "Tayari dada. Asante." Alikuwa fundi mzuri mno mdogo wake. Teddy alimwonea fahari na iliuma, vyote kwa pamoja, na wakati mwingine mteja alimkuta ameishika simu akimtazama mama yake anavyopita na bakuli, huku na huku, bila kusema kitu.

Siku moja alasiri mvua ya mawe ilishuka ghafla. Watu walikimbilia ndani ya duka wakajaza benchi, wengine wakasimama wameegemea ukuta wa michoro. Mzee mmoja mwenye koti aliona afadhali atumie nafasi hiyo kutoa kopi za hati yake ya kiwanja, na mashine ilikuwa katikati ya ngurumo yake simu ilipoita. Haikuwa Jumapili. Teddy aliona jina, akapokea haraka, maana simu isiyo na siku yake huwa na habari mbaya.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Kuna nini? Kuna kilichoharibika?"

"Hapana, kila kitu kiko sawa." Wiliam akakohoa kidogo. "Nilikuwa nauliza. Kiboko. Anabeba mimba muda gani?"

Teddy alitazama kompyuta iliyokuwa mbele yake mezani, imewaka, imeunganishwa na mtandao. Jibu lingepatikana kabla mtu hajapiga chafya. Na anayeuliza alikuwa mtu anayekula kwa kompyuta, amekaa mbele ya nyingine kubwa kuliko hii.

"Unataka kumweka kiboko kwenye gemu?"

"Sijui," Wiliam alisema. Kisha, taratibu, "Labda. Sijaamua, dada. Una kazi?"

Mvua ilipiga bati kwa nguvu. Mzee wa koti alinyoosha mkono kupokea kopi zake, ambazo zilikuwa bado hazijatoka zote, na Teddy akaizima mashine.

"Mama, karatasi zangu," mzee alisema.

"Nisubiri kidogo, baba," Teddy alimjibu, huku akitafuta pa kukaa. "Naongea na mdogo wangu."